Mwandiko Uliopinda

Akidi ilitimia: saba kati ya tisa.
Emrys aliomba udhuru, goti.
Carys hakuomba. Hajawahi.

Tulikutana ndani ya kanisa kuukuu la Cwm Derwen
ambalo waumini walilihama kabla yetu
wakatuachia kinanda kisicho na pumzi,
na paa.
Nasema paa kwa heshima tu.
Mvua ya Wales haingoji masika, haipigi hodi;
huingia kama mwanachama aliyelipa ada,
ikaketi katika ndoo tatu
na kuchangia kila hoja bila ruhusa ya mwenyekiti.

Yatokanayo: paa.
Ajenda ya kwanza: paa.
Ya pili ilikuwa ruzuku, yaani paa kwa jina la ukoo.

Hodan Warsame, mhazini wetu,
aliyepanda treni mbili kutoka Cardiff
na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni,
alisoma hesabu kama daktari anayesoma majibu ya mgonjwa.
Zinahitajika pauni elfu kumi na nane.
Tunazo mia sita na kumi,
na kopo la sadaka la mlangoni,
asilolihesabu kwa kuwa limejaa vifungo vya mashati.

Gethin akakohoa.
Miaka thelathini ya benki humfundisha mtu
kukohoa kabla ya kusema uza.
Uzeni mtambo wa kufumia, akasema.
Ipo hoteli inautaka uwe pambo la ukumbini,
wageni wauegemezee miavuli.

Hakuna aliyemtazama Morfudd.
Ana miaka sabini na tisa. Yeye na mtambo ule
wametiana alama: ubao umelika pale anapoweka kiwiko,
na kidole chake cha shahada kimepinda kuufuata uzi
hata usingizini, asema mumewe.
Alikuwa akichambua manyoya kwenye sketi yake.
Nikaandika: Bi. Rowlands hakuchangia.
Hivyo ndivyo kumbukumbu za vikao zinavyodanganya
bila kukosea neno.

Kura: watatu kwa watatu.

Macho yakamwendea Eluned.
Eluned ni fundi seremala; viti vyote hivi kavichonga yeye,
basi cheo hakikumpata kwa bahati:
ni mwenye kiti, mwenye viti, kila kimoja.
Hakuinua mkono. Aliinama,
akaingia chini ya meza kama aliyeangusha sindano.
Tukasikia ngo, ngo, ngo.
Mwaloni, ikasema sauti. Futi kumi na sita.
Hakuna msumari.
Nani kati yenu amewahi kuitazama kwa chini?

Tukapiga magoti, mmoja mmoja,
mhazini, mtu wa benki, mimi na kalamu yangu mdomoni.
Majina kumi na moja, kwa patasi:
vijana waliofungiwa machimbo ya mawe
mwaka ambao hakukuwa na kazi,
wakafundishwa kuunga mbao wasije wakaungana na njaa.
Herufi ya mwisho ya mmoja wao imekosewa
na kurudiwa.

Mtambo unafuma blanketi, akasema Eluned.
Hii tunaiwekea chai.

Kimya. Ndoo zikachangia.
Hii ingepata zaidi, akasema Gethin, bado yuko magotini.

Kura: watano kwa mmoja.
Huyo mmoja alitaka sababu iandikwe:
Jina la nne ni la baba yangu.
Kisha akasema, sasa uzeni.

Lori lilikuja Jumanne. Mlango ulibidi ung'olewe.

Mengineyo:
siku hizi tunaketi duara, chai sakafuni;
Gethin ameshapiga teke vikombe viwili,
vyote kazi ya wanafunzi, vyote tayari vilikuwa na ufa.
Naandika juu ya paja, wajumbe, mnisamehe mwandiko.
Kila Morfudd anaposukuma uzi nyuma yetu
mstari wangu unaruka.

Paa limekwisha, isipokuwa juu ya kinanda.
Ndoo moja tumeibakiza.